Iulize Mbegu Kwao ni Wapi

Wengi wanaofika kitaluni kwangu kununua miche ya papai huwa wameshajaribu kuotesha wenyewe. Mmoja alinunua pakiti dukani, mwingine alihifadhi mbegu za papai tamu alilokula kwa wakwe zake Turiani. Wakafukia kwenye ndoo iliyotobolewa, wakamwagilia asubuhi na jioni, wakangoja wiki ya kwanza, wakangoja ya pili, udongo kimya. Hukumu wanakuja nayo mdomoni: "Mbegu feki, mama." Feki zipo, nami nimeziona. Ila nikimuuliza mtu maswali matatu tu, mbegu alizitoa wapi, alizifukia kina gani na maji aliyamwagaje, mara nyingi nagundua kwamba mbegu zilikuwa nzima kabisa na zimeuawa na huyu huyu anayezishtaki.

Naishi Kihonda, Morogoro, na kitalu changu kiko nyuma ya nyumba, chini ya kichanja cha makuti. Naotesha mboga, matunda, miti ya kivuli na ya mbao. Swali linalonisaidia kuliko yote katika kazi hii ni hili: mbegu hii kwao ni wapi? Mmea umeishi mahali fulani vizazi na vizazi, na tabia ya mbegu yake imeundwa na mvua ya huko, jua la huko na wanyama wanaokula matunda yake. Ni sawa na mgeni: ukijua katokea bara au pwani, unajua umpikie nini. Ukijua mbegu huanguka msimu gani na nani huibeba, kazi ya kuiotesha umeshaimaliza nusu.

Maji, hewa na joto

Tuanze na yale yanayozihusu mbegu zote. Mbegu kavu iko hai. Ndani yake kuna kiinitete, yaani mmea mchanga uliosimamisha shughuli zake, na akiba ya chakula: wanga mwingi kwenye hindi, protini kwenye harage, mafuta kwenye alizeti. Ikikutana na maji inayanyonya na kuvimba. Vimeng'enya vinaanza kuivunja ile akiba ili kiinitete kile na kukua. Shughuli hiyo inahitaji hewa ya oksijeni, kwa sababu mbegu inayoota inapumua, tena kwa nguvu. Hatimaye ganda linapasuka, na kinachotangulia kutoka ni mzizi. Jani hufuata baadaye. Kwa hiyo anayefukua kila asubuhi kuchungulia kama "imeshatoka" anauvunja mzizi uliokwisha kushuka, kisha anasema haikuota.

Kwenye maji watu hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza hufurisha. Udongo ukijaa maji hauna nafasi ya hewa, na mbegu inakosa pumzi na kuoza. Wa pili humwagilia leo, kesho akasafiri, keshokutwa akakumbuka. Mbegu ambayo bado haijaanza kunywa inaweza kukaa kavu miezi mingi bila neno, lakini iliyokwisha kutoa mzizi ukiikausha imekufa, na maji ya kesho hayaifufui. Kipimo changu ni cha mkono. Nachukua konzi ya udongo, naubana. Ukishikamana bila kuchuruzika maji kati ya vidole, unatosha. Ukichuruzika umezidi. Ukimeguka vumbi, leta maji.

Kina nacho kina kanuni rahisi: fukia mbegu mara mbili au tatu ya unene wake. Hindi linaweza kwenda sentimita nne au tano. Nyanya inataka nusu sentimita. Mchicha ni mdogo mno kuweza kufukiwa. Mimi huuchanganya na mchanga mkavu ili usirundikane mahali pamoja, nausia kwenye mistari, kisha napitisha kiganja juu ya tuta, basi. Mbegu ndogo ina akiba ndogo. Ukiifukia kina cha kidole itaota vizuri tu, ila chakula kitaisha kabla ya kuufikia mwanga, nawe hutajua kamwe kwamba ilikufa njiani.

Joto ndilo watu husahau kabisa. Nyanya, bilinganya na pilipili asili yao ni nchi za joto, na hupenda udongo wenye nyuzi 20 hadi 30. Nyanya hutoka kwa wiki moja au zaidi kidogo. Pilipili, hasa pilipili mbuzi, inaweza kuchukua wiki mbili hata tatu. Juni na Julai, baridi ya Uluguru inaposhuka usiku, pilipili zangu huchelewa na wateja hulalamika. Dawa ni kuziweka trei mahali penye joto, kwa mfano jikoni, mbali kidogo na jiko, mpaka zichomoze. Zikishachomoza zitoke zipate mwanga siku hiyo hiyo, la sivyo zitarefuka na kulegea.

Saladi ya Lushoto

Kuna mbegu ambazo joto ndilo linalozizuia. Saladi, ile ya majani, mababu zake waliishi pande za Bahari ya Mediterania na Asia ya Magharibi. Huko mvua hunyesha majira ya baridi, na majira ya joto huwa makavu. Mbegu ya huko ikiota kwenye joto inachipukia kwenye ukame na kufa. Kwa hiyo imejifunza kunyamaza: udongo ukizidi nyuzi 30 hivi, mbegu nyingi za saladi hulala hata kama maji yapo. Wakulima wa Lushoto, milimani Usambara, hawaijui shida hii kwa sababu hewa yao ni ya baridi. Mkazi wa Morogoro au Dar es Salaam anayesia saladi mchana wa Januari anaijua sana.

Ukitaka saladi katika nchi ya joto, sia jioni, weka trei kivulini, umwagilie maji ya baridi ya mtungini. Mwenye jokofu anaweza kuzilaza mbegu ndani ya tishu yenye unyevu usiku kucha, sehemu ya kawaida, siyo ya kugandisha, kisha akasia kesho yake. Na usizifukie. Mbegu nyingi za saladi zinahitaji kuuona mwanga ndipo zikubali kuota, hivyo zibonyeze juu ya udongo tu.

Mbegu zenye utelezi

Sasa papai. Tunda hili limetoka Amerika ya joto, na linatengenezwa ili liliwe: ndege na popo hula nyama tamu, mbegu husafiri. Kila mbegu ya papai imevikwa kifuko chenye utelezi, na ndani ya utelezi huo mna kemikali zinazoizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda. Aliyezitoa mbegu kwenye papai na kuzifukia zilivyo, au kuzianika na utelezi wake mpaka ukagandia, ameziacha na kizuizi chake.

Fanya hivi. Chagua papai lililoivia mtini, kutoka kwenye mti uliozaa vizuri. Mbegu zimwage kwenye chujio au kitambaa kikavu, uzisugue kwa vidole mpaka kile kifuko kipasuke. Unakisikia kikipasuka chini ya kidole. Osha kwa maji, sugua tena, osha. Inayobaki ni mbegu nyeusi yenye makunyanzi, isiyoteleza. Zinazoelea baada ya kuoshwa nyingi hazina kitu ndani, zitupe. Zilizozama zianike kivulini siku moja au mbili, kisha zipande. Zitatoka baada ya wiki mbili hadi nne kama udongo una joto.

Kwenye kila kiriba weka mbegu tatu au nne. Mipapai ina jike, ina dume, na kwa baadhi ya aina ipo yenye maua ya jinsia mbili. Mbegu haikuambii itakuwa ipi. Utajua ikianza kuchanua, na hapo ndipo unapong'oa madume na kubakiza machache ya kuchavusha. Aliyepanda mbegu moja moja ana hatari ya kulea dume miezi kadhaa.

Nyanya na pasheni nazo zina utelezi wa namna hiyo. Kamulia mbegu kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, uache uchachuke siku mbili au tatu, ukikoroga mara moja kwa siku. Utelezi unayeyuka, mbegu nzima zinazama, maganda yanaelea. Osha na anika. Usizidishe siku, zitaanza kuotea humo humo kikombeni.

Jambo moja la kuangalia: nyanya nyingi za dukani ni chotara. Mbegu utakazozitoa humo zitaota, ila watoto hawatafanana na mama. Mmoja atazaa vidogo, mwingine vikubwa, mwingine atashindwa na ugonjwa ambao mama aliuweza. Ukitaka kuhifadhi mbegu zako mwenyewe, anza na aina isiyo chotara.

Zisizotaka kukauka

Wengi tulilelewa tukiamini kwamba mbegu bora ni iliyoanikwa ikakauka. Kwa mahindi, maharage na mchicha ni kweli. Kwa embe, parachichi, fenesi na kakao, kuanika ni kuua.

Fikiria embe lilikotokea, upande wa India na Burma. Linaiva mvua ikiwa inakaribia au imeshaanza, linaanguka kwenye ardhi yenye unyevu, na mbegu inaota hapo hapo. Haikupata sababu ya kujifunza kustahimili ukavu. Kakao asili yake ni misitu ya Amazoni isiyokauka mwaka mzima, na mkulima wa Kyela anajua kwamba mbegu ya kakao iliyoachwa juani siku chache haitarudi. Jokofu nalo huiua. Mbegu za jamii hii zikishatoka kwenye tunda saa inahesabu: siku, au wiki chache kwa zilizo ngumu zaidi.

Kwa embe, kula nyama, osha kokwa, uliache kivulini siku moja tu ili lisiteleze mkononi. Kisha lifungue kwa mkasi wa kupogolea au kisu, ukianzia ukingoni, taratibu usije ukakijeruhi kiini wala kidole. Ndani utakuta kiini chenye umbo la figo. Kikague: kama kina tundu au unga unga, kuna mdudu kakutangulia. Kikiwa kizima kilaze kwenye kiriba upande uliobinuka ukiwa juu, ukifukie kidogo. Kukitoa ndani ya kokwa lake kunaokoa muda na miche inanyooka. Baadhi ya maembe yetu ya kienyeji hutoa machipukizi mawili, matatu au zaidi kutoka kwenye kiini kimoja. Usishangae. Mengi kati ya hayo hufanana kabisa na mti mama.

Parachichi si hivyo. Mbegu ya parachichi la Hass inaota vizuri, lakini haitakupa Hass. Ndiyo maana Njombe na Kilimanjaro miche ya Hass hubebeshwa: mbegu ya kienyeji inatoa shina la chini, kikonyo cha Hass kinapandikizwa juu yake. Hata hivyo wa nyumbani aoteshe kwa faida ya shina na kivuli. Panda ikiwa bichi, upande mpana chini, ncha ikichungulia juu ya udongo, na uwe na subira ya mwezi mmoja hadi miwili.

Mwarobaini umo karibu na kundi hili, na unawachanganya watu kwa sababu mti wenyewe unavumilia ukame wa Dodoma bila shida. Mbegu yake haina uvumilivu huo. Baada ya wiki chache katika hali ya kawaida ya nyumbani nyingi zimeshakufa. Okota matunda ya njano, menya nyama yake, osha, panda ndani ya wiki hiyo. Ukiletewa gunia la mbegu za mwarobaini za mwaka jana kwa bei ya chini, usilipe.

Nazi ni mbegu pia, na kwao ni ufukweni. Imetengenezwa ielee baharini, itupwe mchangani na ijitegemee kwa maji yake yenyewe. Chagua nazi iliyokomaa, ukiitikisa maji yasikike ndani, usiifue. Ilaze ubavu, nusu ndani ya mchanga, upande wa kikonyo ukiinuka kidogo. Chipukizi hupenya kwenye jicho moja laini kati ya yale matatu, na inachukua miezi mitatu hadi mitano au zaidi. Wakati huo ndani ya nazi linakua joya, lile donge jepesi na tamu wanalogombania watoto wa pwani. Kazi yake ni kuinyonya nyama ya nazi na kulisha chipukizi. Ukila joya umeula mnazi.

Zenye ganda gumu

Upande wa pili kabisa kuna mbegu zinazoweza kukaa miaka zikisubiri. Mbuyu, mkwaju, migunga na ule mkrismasi wenye maua mekundu, mbegu zao zina ganda lisilopitisha maji. Kwao ni nchi za ukame, au zenye kiangazi kirefu. Mbegu ambayo ingeota kwa manyunyu ya siku moja ingekauka kesho yake, kwa hiyo ganda hungoja mpaka likwaruzwe, liunguzwe, au lipite tumboni mwa mnyama. Tembo na nyani hula matunda ya mbuyu na kuziacha mbegu mbali, zikiwa ndani ya samadi.

Nyumbani hatuna tembo, tunalo sufuria. Chemsha maji, uyaepue, uyamimine juu ya mbegu za mbuyu kwenye bakuli, uziache humo mpaka maji yapoe na ziendelee kuloweka usiku kucha. Usizichemshe juu ya moto. Asubuhi zitazame: zilizovimba na kuwa laini zimekubali, zipande leo. Zilizobaki ndogo na ngumu zirudie. Njia ya uhakika zaidi kwa mbegu chache ni kulikata ganda kidogo kwa kikata kucha au kulisugua kwenye msasa mpaka rangi ya ndani ionekane, upande ulio mbali na kitovu cha mbegu, kwa sababu kiinitete kiko karibu na kitovu. Ukifika ndani sana umekijeruhi. Kisha loweka usiku mmoja.

Mtiki, tulioletewa enzi za Wajerumani na unaojaza mashamba ya serikali ya Longuza na Mtibwa, una kokwa gumu lenye manyoya. Kwao ni Asia, kwenye mvua za msimu na kiangazi kikali. Kinachoufungua ni kubadilishana kwa mvua na jua, nasi tunaiga: loweka usiku, anika juani mchana, rudia kwa wiki moja hadi mbili, ndipo usie. Hata hapo utatoka kwa awamu, mwingine leo, mwingine mwezi ujao. Usivunje tuta mapema.

Kwa mbegu za miti ya namna hii nawashauri watu wasiokote tu njiani. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una kituo cha mbegu za miti hapa Morogoro, na ukinunua hapo unaelezwa pia namna ya kuziandaa.

Kinyausi

Kuota hakujamaliza kazi. Adui mkubwa wa wiki mbili za kwanza anaitwa kinyausi. Jioni unaiacha miche imesimama, majani mawili mawili, inapendeza. Asubuhi unakuta imelala. Ukiinama na kutazama kwa karibu utaona shina limekaa sawa juu, na mizizi ipo, ila pale pale linapokutana na udongo pamesinyaa pakawa uzi mwembamba wa kahawia wenye majimaji. Mche umekatikia hapo. Kesho yake walio jirani nao wameanguka, na kidonda kinapanuka kama duara.

Hao ni vimelea vya jamii ya ukungu wanaoishi udongoni, wanaopenda maji mengi, msongamano na hewa iliyotuama. Mche ukishalala hauinuki tena, hivyo kinga ndiyo tiba. Sia kwa nafasi. Mwagilia asubuhi ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Tandaza mchanga mwembamba juu ya tuta. Usitumie samadi mbichi. Na usirudie udongo wa trei uliokwisha kupatwa. Mimi huchanganya udongo wa juu sehemu tatu, samadi iliyooza sawasawa sehemu mbili na mchanga wa mtoni sehemu moja. Kwa trei chache za nyumbani unaweza kumimina maji yanayochemka kwenye udongo, ukauacha upoe na kupungua maji, ndipo usie. Kwa tuta, choma pumba za mpunga au nyasi kavu juu yake kabla ya kusia, kama wanavyofanya wakulima wengi.

Halafu kivuli kipunguzwe polepole. Mche uliolelewa chini ya makuti ukitolewa ghafla juani saa sita unaungua. Ondoa kuti moja moja kwa wiki moja au mbili kabla ya kuuhamisha, na upunguze maji kidogo ili ukomae.

Mbegu huzeeka

Mbegu iliyo hai huchakaa kidogo kidogo hata ikiwa kavu. Joto na unyevu huharakisha uchakavu huo. Wataalamu wana kanuni ya kukadiria: kwa mbegu zinazovumilia kukauka, kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza inakaribia kuongeza umri wake mara mbili, na kila nyuzi tano hivi za joto unazopunguza hufanya vivyo hivyo. Hifadhi ya mbegu ya dunia iliyofunguliwa mwaka 2008 huko Svalbard, Norway, huweka mbegu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapa kwetu benki ya taifa ya nasaba za mimea iko Arusha.

Zikihifadhiwa vizuri, mbegu hushangaza. Mwaka 1879, Profesa William Beal wa Michigan, Marekani, alifukia chupa 20 zenye mbegu ili zifukuliwe moja moja kwa miaka mingi. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Na mwaka 2005, mbegu ya mtende iliyochimbuliwa kwenye ngome ya kale ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, yenye umri wa miaka 2,000 hivi, ilioteshwa ikawa mti. Kule ni jangwa, hakuna unyevu wa kuiozesha.

Mbegu za kitunguu hazina umri huo. Katika joto letu, baada ya mwaka mmoja au miwili nyingi zimechoka. Nyanya hufika miaka mitatu hadi mitano zikitunzwa. Bibi zetu waliotundika mahindi ya mbegu darini juu ya jiko walijua wanachofanya: moshi ulifukuza bungua na joto la jiko liliyakausha. Leo chupa yenye kifuniko kinachobana inatosha, mradi mbegu ziwe kavu kweli kabla ya kuingia. Ukitaka kujua kama mahindi au maharage yamekauka, chukua chupa kavu, weka chumvi kavu kidogo na konzi ya punje, tikisa kwa dakika kadhaa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado kuna unyevu, rudisha juani. Ikibaki chini imelegea, funga. Ongeza jivu baridi lililochekechwa. Usiache chupa juu ya kabati chini ya bati, hapo panaungua.

Kipande cha khanga

Narudi kwa yule mwenye pakiti. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu zinazouzwa ziwe zimekaguliwa, na mkaguzi ni TOSCI, taasisi ya udhibiti wa ubora wa mbegu yenye makao yake hapa Morogoro. Kabla hujalipa, geuza pakiti uangalie lebo, namba ya fungu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue mbegu zilizofunguliwa na kupimwa kwa kijiko. Angalia pia pakiti ilikaa wapi. Duka lililoziweka dirishani juani limeshaziua hata kama tarehe bado. Mbegu zilizopakwa rangi nyekundu au kijani zina dawa, usizile wala kuwapa kuku.

Kisha zijaribu. Maabara hutumia mbegu 400 kwa kipimo kimoja. Wewe unahitaji 20. Chukua kipande cha khanga kuukuu ya pamba, kilowanishe, ukikamue mpaka kisidondoke. Kikunjue mezani, panga mbegu mistari minne ya tano tano zisigusane, funika kwa upande mwingine, ukiviringishe taratibu. Kitie kwenye mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, ili hewa iingie, uweke mahali penye joto la kawaida. Kila siku fungua, tazama, nyunyiza kama kinaelekea kukauka. Mahindi na maharage yatajionyesha ndani ya siku tano au sita, mchicha mapema zaidi, nyanya wiki moja na kitu, pilipili ipe wiki tatu. Hesabu zile tu zilizotoa mzizi mweupe na mnyoofu. Iliyovimba ikateleza na kunuka imeoza. Ila mbegu za ganda gumu ziandae kwanza kama nilivyoeleza, la sivyo utazihukumu bure.

Zikitoka 16 au zaidi kati ya 20, sia kama kawaida. Zikiwa kati ya 10 na 15, zinafaa lakini ongeza kiasi cha mbegu kwenye tuta. Chini ya hapo usipoteze samadi yako wala msimu wako. Fanya jaribio hili wiki tatu au nne kabla ya vuli au masika, ili upate muda wa kutafuta nyingine. Na mbegu za dukani zikishindwa, usiishie kunung'unika kwa jirani: tunza risiti, tunza pakiti na lebo yake, mrudie muuzaji, na asipokusikiliza mwone afisa ugani wa kata yako au TOSCI wenyewe. Neno "feki" ni shtaka, na anayelitamka anatakiwa awe na ushahidi.